Mposaji Aliyeruka Gia

Mwalimu Ayoub alipanda ngazi za jumba lao la Michenzani taratibu kuliko siku zote, na Khairat, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango wa nyumba yao ghorofa ya nne, alilijua jibu kabla baba yake hajavua viatu. Akiwa na habari njema, mzee huyu hupanda akigonga milango ya majirani na kuwatania. Leo alipanda kimya mpaka mwisho.

Aliingia, akatoa salamu, akaivua kofia yake na kuiweka juu ya meza.

"Yule hapana," alisema.

Bi Mwatima, mkewe, alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi. Aliinua uso. "Hapana kwa lipi? Kijana ana adabu zake, ana duka lake pale Mlandege, na wazee wake Tumbatu tunawajua."

"Anaruka gia."

Bi Mwatima alimtazama mumewe kwa muda, kisha akarudi kwenye nazi yake. Miaka yote ya ndoa ilikuwa imemfunza wakati wa kusema na wakati wa kukuna nazi. Khairat hakuwa na nazi ya kukuna. Alibaki amesimama pale pale mlangoni, kwa sababu aliyekataliwa ni Haitham, na Haitham ndiye mwanamme pekee ambaye yeye Khairat alipata kumtaka.

Mtu asiyemjua Mwalimu Ayoub atasema mzee huyu ana wazimu, na kusema kweli wapo mjini wanaosema hivyo. Nusu ya madereva wa Unguja wamejifunza udereva mikononi mwake, na kazi hiyo ilimpa imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa. Yeyote aliyetaka kumposa binti yake, kwanza amwendeshe yeye mwenyewe kutoka Michenzani hadi Kidichi. Mwalimu atakaa kiti cha pembeni, atafumba macho, na atasikiliza. Ukoo, kazi na dini aliwaachia wengine wavichunguze. Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, alikuwa akisema, lakini mguu wa kushoto haudanganyi. Mabinti wawili wakubwa waliolewa kwa njia hiyo na ndoa zao zimetulia. Mposaji mmoja aliachwa Mtoni, mzee akarudi kwa miguu, eti kwa sababu kijana alikuwa haondoi mguu kwenye klachi.

Na sheria ya Mwalimu ilikuwa moja tu. Gia hupandwa kwa zamu: moja, pili, tatu, nne, tano. Na kushuka vile vile. Anayetoka ya pili akaingia ya nne ni mtu wa pupa, na mtu wa pupa hakabidhiwi mtoto wa watu.

"Asiyeweza kuingoja gia ya tatu," alisema sasa akikaa, "ataweza kumngoja mke anapoumwa? Atamngoja anapokasirika? Gari ilizimika kilimani, Mwatima. Ikaanza kurudi nyuma. Na mimi ndani."

Aliendelea kueleza kwamba Shamsi yeye hakuwa na dosari hata moja. Shamsi alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, alikuwa mposaji wa pili, na alimwendesha wiki iliyopita kwa ulaini hadi mzee nusura asinzie. Watu wa Shamsi walikuwa wanakuja Ijumaa baada ya sala kusikiliza jibu. Mwalimu aliona hakuna sababu ya kuwarudisha mikono mitupu. Alimuuliza Khairat kama ana la kusema, na Khairat, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, alijibu kwamba anaomba apewe muda kidogo.

Akachukua simu yake akatoka varandani.

Hapa varandani ndipo mapenzi yao yalipokulia, na yalikua kwa namna ambayo hata yeye mwenyewe hakuweza kumsimulia mtu bila ya kucheka. Khairat alikuwa mwalimu kama baba yake. Baba alifundisha wanaume, yeye wanawake, katika ile gari moja nyeupe ya shule. Siku moja alikuwa na mwanafunzi wake kwenye kipilefti cha Michenzani, ule mzunguko wa barabara, na mbele yao gari ndogo nyekundu ya spoti, ya viti viwili, ikazimika. Ikawashwa, ikaruka kama chura, ikazimika tena. Wenye vespa walikuwa wakipiga kelele. Khairat alishuka, akaenda dirishani, akamkuta kijana mrefu ametota jasho, amevaa shati zuri kabisa. Miaka yote aliyokaa Muskati kijana huyo alikuwa akiendesha gari zinazojibadilisha gia zenyewe. Akarudi nyumbani, akaiona hii ya gia za mkono, akaipenda kwa macho, akainunua.

"Umeipenda, lakini hujaijua," Khairat alimwambia siku ile.

"Basi nani atanijuulisha?" aliuliza Haitham, na akamtazama kwa namna ambayo Khairat aliisahau njia ya kurudi kwenye gari yake.

Kumfundisha mwanamme asiye maharimu wake ndani ya gari ya viti viwili lilikuwa jambo lisilozungumzika. Kumpeleka kwa Mwalimu Ayoub, Haitham aliona haya. Kwa hiyo kila jioni Haitham aliipitisha gari yake chini ya majumba ya Michenzani, akienda na kurudi kwenye ile barabara pana, na Khairat alikuwa juu akianua nguo, ameweka sikio. Haitham akishamaliza, Khairat alimpigia simu. Umeachia klachi mapema. Pale umeipa mafuta mengi. Pale palikuwa pazuri, rudia. Nguo za nyumba ile zilikuwa zikianuliwa kwa utaratibu mkubwa miezi ile, na Bi Mwatima aliyaona hayo, akanyamaza.

Haitham alipokwishajua, Khairat akamfunza siri yake. Mbele ya wanafunzi alifuata sheria ya baba yake. Akiwa peke yake aliruka. Aliiacha ya pili ivute mpaka injini iimbe, akakanyaga klachi, akangoja kidogo sauti ishuke, kisha akaingia ya nne moja kwa moja. Haikuwa pupa. Ilitaka subira zaidi, kwa sababu ukiwahi kuachia klachi gari inakushtaki. Haitham aliipata siri ile baada ya majaribio mengi, na jioni alipoipata, Khairat alikumbatia shuka zilizokauka akacheka peke yake.

Sasa alipiga simu, na Haitham akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Nlifanya kama ulivyonfunza," alisema, na sauti yake haikuwa na lawama. "Nliivuta ya pili mpaka ikaimba, nkangoja, nkaingiza ya nne. Ikatetemeka, ikazimika. Baba akafumbua macho."

"Ulikuwa wapi?"

"Kilimani. Ukishapita Bububu, pale unapoanza kuipanda Kidichi."

Khairat alitazama chini. Barabara ya Michenzani ilinyooka kutoka kwenye kipilefti hadi mwisho wa macho, bapa kama sinia. Hapakuwa na hata kituta. Miezi yote ile alimfundisha mtu kuendesha mahali pasipo na kilima, na hata siku moja hakumwambia kwamba kilima kina mambo yake. Kwenye mpando, ukiruka gia, kasi inakufa huku unangoja, na ya nne inapewa mzigo isioweza kuubeba. Hata mwanafunzi wake wa kike wa kwanza kabisa Khairat alimwambia hilo. Haitham hakumwambia, kwa sababu kutoka varandani kilima hakionekani, na kwa sababu, tuseme ukweli, akili yake ilikuwa kwingine.

"Haitham, hukukosea weye. Nimekosea mie. Ntakwenda kumwambia baba."

"Usimwambie." Alisema haraka. "Akijua tulikuwa tukisemezana kwenye simu miezi yote hii, atakukasirikia. Mie nshakataliwa, hakuna la kunizidi. Niache nibebe mwenyewe."

Khairat alifumba macho. Alimpenda mtu huyu. Alikuwa akimpenda tangu siku ya kipilefti, lakini wakati huu, kwa maneno yale, alimpenda kwa namna ya mtu aliyekwishaamua, na mtu aliyekwishaamua haogopi tena. Alimwambia kesho asubuhi aje na gari, akakata simu kabla hajapingwa.

Baba yake alikuwa akinywa chai. Khairat alikaa chini, mbele yake, akaeleza yote. Aliieleza varanda, nguo, simu, na gari nyekundu kila jioni. Hakupunguza kitu. Bi Mwatima aliacha mchuzi ukatokota bila kukorogwa.

Mwalimu Ayoub alipozungumza, sauti yake ilikuwa na majeraha, na kumsikia baba yake hivyo kulimuuma Khairat kuliko kugombezwa.

"Umezungumza na mwanamme wa watu, na mie nimo humu humu ndani."

"Naam, baba. Nisamehe kwa hilo. Hatukusema la aibu. Tulizungumza klachi na gia, na mengine aliyanyamazia mpaka alipoleta posa kwako."

Mzee alikunywa funda la chai. Ilionekana wazi kwamba baba ndani yake amekasirika, lakini mwalimu ndani yake amevutika, na wawili hao walikuwa wakisukumana.

"Umemfunza dereva kwa sikio?"

"Kwa sikio. Kama unavyowapima wewe."

Bi Mwatima aliukumbuka mchuzi wake ghafla, akaugeukia kuficha uso.

"Na huko kuruka gia," Mwalimu aliendelea, "nani kakufunza? Mie sikukufunza."

"Nlijifunza mwenyewe. Nnaruka toka nlipopata leseni."

"Haiwezekani. Umeniendesha mara ngapi? Ningesikia."

"Hujasikia, baba."

Aliweka kikombe chini. Watu walikuwa wakimpinga Mwalimu Ayoub juu ya siasa za mpira, juu ya bei ya samaki, hata juu ya kuandama kwa mwezi. Juu ya sikio lake hajapata kupingwa na mtu, na sasa alikuwa anapingwa na mtoto aliyemfundisha kushika usukani.

Khairat aliona mlango umefunguka, akaingia nao. "Kesho nikuendeshe Kidichi, kwa gari ile ile ya Haitham. Wewe fumba macho. Ukinisikia nnaruka gia, Ijumaa wajibu watu wa Shamsi ndiyo, na mie sitosema neno. Ntaolewa na ntakaa."

"Khairat," alisema mama yake kwa sauti ya chini.

"Na nisiposikia?" aliuliza Mwalimu.

"Umpe Haitham kilima chake upya. Yule hakufeli. Aliyefeli ni mwalimu wake."

Mzee alimtazama binti yake huyu wa mwisho, mkaidi, mwenye macho ya bibi yake. Akasema sawa, kisha akainuka kwenda kusali.

Asubuhi ya Alhamisi Haitham aliileta gari nyekundu chini ya jumba, akaishusha miguu yake mirefu akasimama pembeni. Alimpa Mwalimu shikamoo kwa heshima, akajibiwa marahaba kavu. Ufunguo hakumpa Khairat mkononi. Aliuweka juu ya boneti, akarudi nyuma hatua kadhaa, na Khairat akaja akauchukua. Macho yao yalikutana hapo. Yake Haitham yalikuwa na hofu na maombi, na yalikuwa na jambo jingine ambalo Khairat aliligeukia haraka, maana baba alikuwa akitazama.

Ikapangwa kwamba Haitham afuate nyuma na gari ya shule pamoja na Bi Mwatima. Bi Mwatima alijifunga kanga yake vizuri, akapanda, na kabla mlango haujafungwa akaanza kumuuliza kijana habari za mama yake na za jamaa wa ukoo, mmoja mmoja. Mtihani ule ulikuwa wake, na aliungoja kwa hamu.

Ndani ya gari nyekundu Mwalimu Ayoub aliegemea, akafumba macho, akaweka vidole juu ya goti. Kila gia aliyoisikia aliigongea kidole.

Khairat alisoma bismillahi, akawasha.

Aliondoka kwa ya kwanza, akatia ya pili kwenye kipilefti, akaiacha. Injini ya spoti si kama ya gari ya shule. Ilikuwa hai, ilitaka kwenda, na kila sehemu ya mwili wa Khairat ilitaka kwenda nayo. Aliituliza. Aliingoja sauti ipande, ipande, mpaka pale anapopajua yeye tu, akainua mguu, akakanyaga klachi, akasubiri pumzi moja, na mkono wake wa kushoto ukaipita ya tatu ukatua kwenye ya nne. Aliiachia klachi polepole sana. Gari haikutikisika. Alitupa jicho kwenye goti la baba yake. Kidole kiligonga, kikatulia, kikagonga tena. Mzee alikuwa amehesabu tatu na nne.

Khairat aling'ata mdomo asicheke. Walipita Kinazini, wakashika njia ya Mtoni, bahari upande wa kushoto ikichungulia baina ya nyumba. Kila palipotaka kupunguzwa alishika breki kwanza, akaacha gari ipoe, kisha akatoka ya tano akashuka ya tatu, na kwa ncha ya mguu aliipa injini mafuta kidogo ili mwendo na sauti vikutane. Kisha akashuka ya pili, akapanda tena, pili kwenda nne. Maisha yake yote, nyumba atakayolala, watoto atakaowazaa na mtu atakayezeeka naye, vilikuwa juu ya mguu wa kushoto na sikio la baba yake.

Bububu, kabla ya kuingia njia ya Kidichi, alisimamisha gari pembeni.

"Haya baba. Niambie."

Mwalimu Ayoub alifumbua macho. Uso wake ulikuwa na huruma, akidhani binti yake ameshindwa na woga. "Umeendesha vizuri. Gia zako zote nlizisikia, moja baada ya moja. Hukuthubutu kuruka mbele yangu, na mie sikulaumu."

"Ya tatu sijaitia kwa kupanda toka tulipoondoka nyumbani. Hata mara moja. Na kwa kushuka sikuitia ya nne."

Alimtazama. "Usinambie."

"Nnakwambia. Tazama basi."

Akageuza gari, akaenda kidogo na kurudi kwenye tambarare ile, na safari hii mzee alikaa na macho wazi, ameinama juu ya mkono wa binti yake. Aliona mkono ukipita. Aliuona ukingoja. Masikio yake yakamwambia zamu, macho yakamwambia kuruka, na mzee akabaki katikati yao hajui amwamini nani. Waliposimama tena alitoa leso akajifuta shingo.

"Na kilimani?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa kutaka kujua.

"Kilimani siruki. Huko kila gia nnaipa haki yake, kama ulivyonfunza. Hilo ndilo nililosahau kumwambia. Michenzani hapana kilima, baba."

Ndipo Mwalimu Ayoub alipocheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilimtoka puani, lakini Khairat alikisikia na machozi yakamjia.

Gari ya shule ilikuwa imesimama nyuma yao. Mzee alimwita Haitham, akamwambia mwalimu wake ana somo moja la mwisho, na kwamba atalitoa hapa hapa mbele ya wazee wake. Kisha, kwa adabu ambayo Khairat hakuitarajia, aligeuka akajishughulisha na kuitazama tairi.

Kwa hiyo walisimama wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kipilefti, bila ya barabara wala ghorofa nne baina yao. Khairat alikuwa ameandaa maneno mengi, yote yakapotea.

"Kilimani usiruke," alisema. "Nlikosea kutokwambia. Injini ikikwambia imechoka, ipe gia ya chini, usione haya. Ukishafika juu, pale panaponyooka, fanya lako."

"Nshakusikia," alisema Haitham.

"Na usiogope."

"Mie nnaogopa kukukosa weye tu. Gari siiogopi tena."

Bi Mwatima alikohoa ndani ya gari ya shule. Khairat alirudi haraka, akakaa kwenye usukani karibu na mama yake, akaiendesha mpaka juu ya kilima. Wakashuka kando ya shamba la viungo, wakasimama kwenye harufu ya karafuu zilizoanikwa, kungoja.

"Umemuuliza nini njia nzima?" Khairat alimuuliza mama yake, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa kumemshinda.

"Nimemuuliza kwa nini anakutaka."

"Akasemaje?"

"Kasema kila siku akifunga duka alikuwa akijiambia, leo niendeshe vizuri, kuna mtu ananisikiliza." Bi Mwatima alizishika ncha za kanga yake. "Nkaona hili nimwachie Mungu na baba yako."

Kutoka chini injini iliwaka. Khairat akainamisha kichwa kusikiliza. Ya kwanza. Ya pili. Gari ilikuwa inaingia mpando sasa, na sauti ikawa nzito. Hapa ndipo alipoizima jana. Khairat aliushika mkono wa mama yake. Ya pili ikavuta, ikavuta, na hakuibadilisha kwa pupa, akaingiza ya tatu, gari ikakubali. Kwenye kona ilipunguza nguvu. Akairudisha ya pili bila ya aibu, kwa ulaini, injini haikulalamika hata kidogo. Sauti ilikuwa inakuja, inakuja, ya tatu tena, safi.

"Anafanya vizuri?" aliuliza Bi Mwatima, aliyekuwa hasikii ila kelele.

"Anafanya vizuri, mama. Anafanya vizuri kabisa."

Nyekundu ikatokea juu ya kilima. Pale panaponyooka Haitham aliiacha ya tatu iimbe, akangoja, akangoja zaidi ya ambavyo mtu mwoga angengoja, na akaingia ya tano. Gari ikapita mbele yao kwa ulaini wa mafuta ya nazi. Mwalimu Ayoub alikuwa amefumba macho. Hawakusimama. Walipotelea kwenye minazi na sauti ikaenda nao.

Wanawake wawili walibaki barabarani. Muda ukapita. Khairat alianza kusoma sura zote alizozihifadhi chuoni, akizichanganya. Kisha gari ikasikika inarudi, na uso wake ukabadilika.

"Vipi?" aliuliza mama.

"Huyu si Haitham."

Mkono ule haukuwa wa Haitham. Ya pili ilivutwa sana, kwa ukali, kisha kukawa na kimya kirefu mno, kisha ya nne ikaingia kwa mkwaruzo mdogo. Aliyeendesha alikuwa anajua sana gari na hajui kabisa anachokifanya. Akajaribu tena, na mara hii ikatua vizuri, na kutoka dirishani wakasikia sauti ya mzee ikipiga kelele ya furaha.

Gari ilikuja ikasimama mbele yao. Mwalimu Ayoub alikuwa kwenye usukani, kofia imekwenda upande. Haitham alikuwa pembeni, ameshika mlango kwa mikono miwili, na machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

Mzee alizima injini. Alikaa hivyo kidogo, akavuta pumzi.

"Khairat."

"Naam, baba."

"Nlipokuwa nimefumba macho kule kilimani, nlisahau. Nlidhani nimekaa na weye." Alitazama mikono yake. "Ni mguu wako ule. Ni kungoja kwako. Yule Shamsi nlimfunza mwenyewe, kwa hiyo ananisikiliza mie, na mie sikuoi. Huyu miezi yote alikuwa anakusikiliza weye, na weye uko juu ghorofani, hata uso hakuoni. Mwanamme wa namna hiyo nimtafute wapi tena?"

Khairat alisogea mpaka ubavuni mwa gari.

"Watu wa Shamsi ntakwenda kuwaona leo mwenyewe, kwa adabu, wasisumbuke kuja kesho," Mwalimu Ayoub aliendelea, akamgeukia kijana. "Weye wapigie wazee wako Tumbatu. Ijumaa baada ya sala waje kwangu. Waambie Ayoub amesema ndiyo."

Bi Mwatima, mwanamke ambaye jirani zake hawajapata kumsikia akipaza sauti, aliweka mkono mdomoni akapiga kigelegele katikati ya barabara ya Kidichi, na wanawake waliokuwa wakianika karafuu shambani, bila kujua ni harusi ya nani, wakamwitikia. Haitham alishuka upande wake, na Khairat akabaki upande wa pili, gari nyekundu baina yao, hakuna aliyemgusa mwenzake na hakuna aliyeondoa macho. Alikuwa wake. Khairat alilisema jina la Haitham kwa sauti mbele ya baba yake, kama dua, na baba yake akaitikia amin.